HT, AT, MT au la theluji? Kuchagua na kufunga matairi ya masika na kiangazi

Afrika Mashariki gari halihitaji seti mbili za matairi kwa sababu ya baridi. Lami ya Dar es Salaam, Februari au Julai, ni ya joto kwa mpira wa tairi. Kinachobadilika ni maji, tope na vumbi. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "tairi gani zuri?" bali "mwezi wa nne gari hili litapita wapi?"

Pwani, kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya mvua huja mara mbili: masika kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba. Dodoma, Tabora, Mbeya na Songea wana msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mvua hizo zinakuta lami, changarawe, udongo mwekundu, mchanga, au ule mfinyanzi mweusi wa mbugani unaonata kwenye gurudumu mpaka limevimba. Tairi linalofaa kwenye kimoja kati ya hivyo linaweza kukuangusha kwenye kingine, na hakuna bei inayoondoa ukweli huo.

Yanayopatikana madukani yako katika makundi manne. HT ni tairi la barabara kuu, na matairi ya kawaida ya magari madogo yanaingia humo hata kama herufi hizo hazijaandikwa. AT ni la barabara mchanganyiko. MT ni la tope. La nne ni tairi la theluji, ambalo wengi wanalo bila kujua kwa sababu lilikuja na gari kutoka Japani.

| Hali ya barabara | HT | AT | MT | La theluji |
|---|---|---|---|---|
| Lami kavu yenye joto | bora | nzuri | hafifu, kelele nyingi | hafifu, linalika upesi |
| Lami yenye maji | bora mifereji yake ikiwa na kina | wastani | hafifu | hafifu |
| Changarawe na mawe | hukatika | bora | nzuri | hukatika upesi |
| Udongo mwekundu uliolowa | hafifu | nzuri | bora | hafifu |
| Mfinyanzi mweusi | halifai | hujaa tope | bora, lakini si uhakika | halifai |
| Mchanga laini | wastani, upepo ukipunguzwa | bora, upepo ukipunguzwa | huchimba | wastani |

HT dhidi ya AT: hapa ndipo wengi wanapokosea

Kashata za HT, yaani mafungu ya mpira yanayokanyaga barabara, zimekaa karibu karibu, na mifereji mitatu au minne inazunguka tairi zima. Likiwa jipya, tairi la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Wakati wa masika mifereji hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye gari. Piga hesabu: kashata yenye upana wa milimita 150, ikienda kilomita 80 kwa saa juu ya maji ya kina cha milimita 3, inakutana na lita 10 hivi za maji kila sekunde. Maji hayo lazima yapate pa kupitia. Yakikosa, tairi linapanda juu yake, usukani unakuwa mwepesi ghafla, na breki unayokanyaga haishiki kitu.

AT lina mafungu makubwa ya mpira, nafasi pana kati yake, na kina cha milimita 10 hadi 13. Mpira wake kwa kawaida umetengenezwa uwe mgumu zaidi ili usinyofolewe na mawe, na ubavu wake mara nyingi ni mnene. Kwenye changarawe faida ni wazi. Lakini kwenye lami iliyolowa, kiasi cha mpira kinachogusa barabara ni kidogo na mpira wenyewe haung'ang'anii, hivyo gari husimama mbali zaidi kuliko lingesimama na HT nzuri yenye kina kile kile cha usalama. Dereva anayefunga AT kwenye Harrier inayozunguka Dar es Salaam na kwenda Moshi mara mbili kwa mwaka amenunua sura. Amelipia pia mafuta ya ziada, kwa sababu AT ni zito na linazunguka kwa shida zaidi.

Kipimo chetu ni hiki. Kama chini ya robo ya kilomita zako za wiki ziko nje ya lami, funga HT. Kilomita mbili za vumbi kutoka barabara kuu hadi nyumbani hazihitaji AT, zinahitaji mwendo wa pole. Kama una arobaini au hamsini za changarawe kila wiki, au shamba liko juu ya kilima cha udongo mwekundu na lazima ufike hata mvua ikinyesha, hapo AT linalipa, na HT ungelinunua upya kila mara kwa sababu ya kukatika ubavu.

Usidanganywe na herufi M+S. Kwa asili zinahusu tope na theluji, lakini mtengenezaji anaziweka kwa kuangalia muundo wa kashata tu, bila jaribio lolote la lazima. Utazikuta hata kwenye HT za magari makubwa. Hazikuahidi kwamba utatoka kwenye mfinyanzi wa mbuga.

Kuna hali moja ambayo tairi zuri kuliko yote haliwezi kuitibu: mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Vumbi, mafuta yaliyodondoka na unga wa mpira uliokaa kwenye lami kwa miezi huchanganyika na maji machache na kuwa utelezi. Mvua ikishanyesha ya kutosha barabara inaoshwa na kuwa afadhali. Kwa muda huo wa mwanzo, na hasa kwenye miteremko kama Kitonga, dawa ni kupunguza mwendo na kuacha nafasi mara mbili ya uliyozoea.

AT dhidi ya MT: uliza udongo

MT huvutia macho, na kwa wanaofanya kazi hifadhini au kwenye migodi na mashamba makubwa halina mbadala. Mafungu yake ni makubwa na yako mbalimbali ili gurudumu likizunguka kwa kasi tope litupwe nje. Hiyo ndiyo siri yake, na ndiyo maana AT linashindwa kwenye mfinyanzi mweusi: nafasi zake ni finyu, tope linajaa na kukauka humo, na baada ya mita chache tairi linakuwa laini kama kipara. Kwenye mfinyanzi uliolowa sana hata MT hujaa. Madereva wa hifadhini hufunga minyororo ya magurudumu, wanakwenda pole, na wanaifungua kabla ya kukanyaga lami.

Udongo mwekundu ni jambo jingine. Juu unateleza lakini chini kidogo mara nyingi pagumu. AT lenye kina cha milimita 8 au zaidi linafika pale pagumu na kushika. Kwa hali hiyo tairi jembamba na refu, kama 7.50R16 la Land Cruiser za kazi, hufanya vizuri kuliko pana la mapambo, kwa sababu uzito wote unakandamiza eneo dogo na tairi linapenya tope. Tairi pana linaelea juu ya utelezi.

Mchangani mambo yanageuka. Pale unataka kuelea. MT likizunguka mara mbili tatu limechimba shimo na gari limekaa kwenye tumbo. AT lililopunguzwa upepo linakanyaga kwa urefu na kupita.

Gharama ya MT inaonekana kwenye lami: kelele, mtikisiko, breki ndefu wakati wa mvua, na kashata zinazolika kwa mistari isiyo sawa. Kama gari lako linatumia siku tano kati ya saba kwenye lami, AT na koleo nyuma ya gari vitakufaa kuliko MT.

Matairi ya theluji yaliyokuja na gari

Magari mengi ya mitumba kutoka Japani hufika na matairi ya majira ya baridi, hasa yakitoka sehemu zenye theluji nyingi kama Hokkaido na Tohoku. Mwenye gari anaona kashata nzito na anafurahi kwamba matairi bado mapya. Angalia ubavuni. Ukiona neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, hayo ni matairi ya theluji. Dalili nyingine ni mamia ya mikato myembamba ya mawimbi iliyochanjwa juu ya kila fungu la kashata, na herufi ya mwendo Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa.

Mpira wake umechanganywa ubaki laini lami ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, pale ambapo mpira wa tairi la kawaida unaanza kukakamaa. Kwenye lami ya Tanga mchana, mpira huo unakuwa laini kupita kiasi. Mafungu yaliyochanjwa yanajikunja unapofunga breki, gari linayumba kidogo kwenye kona za kasi, breki inakuwa ndefu kwenye ukavu na kwenye maji pia, na kashata inakwisha mbele ya macho. Ukipita mkono juu yake baada ya safari ndefu utasikia ncha za mafungu zimechongoka upande mmoja.

Mtu wa Makete au Njombe anaweza kuuliza, maana kule Juni na Julai kuna baridi kali na umande unaganda alfajiri. Jibu letu bado ni hapana. Jua likitoka lami inapata joto, na saa chache za alfajiri hazitoshi kuhalalisha tairi linaloumia siku nzima. Kwa asubuhi hizo, HT lenye kina na mwendo wa pole vinatosha.

Mahali pake halisi ni kule yalikotengenezewa, na Waswahili wanaoishi huko wanayahitaji kwa sheria. Sweden inadai matairi ya majira ya baridi kati ya tarehe 1 Desemba na 31 Machi barabara zikiwa na hali ya baridi, yenye kina kisichopungua milimita 3. Quebec, Kanada, ni kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani haina tarehe. Inaangalia hali ya barabara, na tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haikubaliki, lazima uwepo mchoro wa mlima na theluji. Huko seti mbili ni lazima au busara. Huku, ukishajua unayo, panga kuyaondoa kabla ya masika. Usisubiri yaishe.

Jipya la bei nafuu au mtumba wa jina kubwa?

Tunachagua jipya la bei nafuu, mradi saizi na namba ya uzito ni sahihi na lina alama ya ubora inayotambulika nchini mwako. Mtumba una hatari tatu ambazo jipya halina.

Ya kwanza ni umri. Tafuta herufi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huenda zipo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo zunguka upande wa pili. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo, na jua la pwani linauharakisha. Baada ya miaka mitano tairi likaguliwe kila mwaka. Baada ya miaka kumi liondoke hata kama kashata imejaa. Sisi mtumba uliozidi miaka sita hatuuchukui.

Ya pili ni kiraka kilichofichwa. Ingiza mkono ndani ya tairi na upapase ukuta wote polepole, kisha upinde mdomo wa tairi kwa mikono miwili uone kama waya zimechomoza au mpira umepasuka kutokana na vyuma vya fundi aliyelifungua zamani.

Ya tatu ni kuchongwa. Kuna wanaochukua kipara na kuchora mifereji upya kwa kisu cha moto. Tairi linaonekana lina kina, lakini mfereji umeingia kwenye mpira unaolinda waya, na katika joto la barabara kuu linaachana tabaka kwa tabaka. Utalijua hivi: ndani ya mifereji ya tairi halisi kuna vinundu vidogo vya kupimia uchakavu, na kwenye bega pana alama TWI au pembetatu ikielekeza vilipo. Vinundu hivyo viko milimita 1.6 juu ya sakafu ya mfereji. Kama vimekatwa, havionekani, au sakafu ya mfereji ina mikwaruzo ya kisu, liache hapo hapo. Yapo matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE ambayo yametengenezwa kuchongwa. La gari dogo halimo.

Na milimita 1.6 ni mwisho kabisa. Uwezo wa kutoa maji unashuka sana chini ya milimita 3. Ukiingia Machi na milimita 4 utamaliza masika salama. Ukiingia na 2.5, ni bora kununua Februari kuliko kungoja Juni.

Kusoma saizi

Chukua 195/65R15 91H, inayokaa kwenye Noah na Premio nyingi. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. R ni mpangilio wa nyuzi. 15 ni rimu kwa inchi. 91 ni namba ya uzito, yaani kilo 615 kwa tairi moja. H ni mwendo wa juu, kilomita 210 kwa saa.

Namba ya uzito ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayopasua matairi ya Hiace na Noah za biashara. Magari ya abiria na mizigo kama Hiace yanahitaji tairi lenye alama ya tairi la mzigo, yaani C, LT au 8PR, na namba mbili kama 107/105: ya kwanza tairi likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, ya pili yakiwa mawili pamoja. Ukiweka tairi la gari dogo kwa sababu rimu imelingana, kiangazi chenye abiria kumi na nne na mizigo juu kitalichemsha mpaka lifumuke. Usishuke chini ya namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kupanda si tatizo, ila tairi la LT linahitaji upepo zaidi kubeba uzito ule ule.

Wanaotaka kuinua gari kidogo kwa masika hubadilisha 265/65R17 kuwa 265/70R17. Kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, ongezeko la asilimia 3.4. Spidi mita ikisoma 100, unakwenda 103. Kabla ya kulipa, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili na uhakikishe tairi haligusi plastiki ya ndani, kisha fanya hivyo tena gari likiwa limebeba.

Upepo: masika na kiangazi

Kosa linalosikika kila mahali ni kupunguza upepo wakati wa joto "ili tairi lisipasuke". Kinachotokea ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila mzunguko, kujikunja kunazalisha joto, na joto ndilo linalotenganisha waya na mpira. Kiangazi, kwenye safari ndefu na mzigo, ndipo upepo pungufu unapoua. Wakati wa mvua nao unaharibu: katikati ya tairi panabonyea, maji hayasukumwi pembeni, na tairi linaelea kwa mwendo mdogo kuliko kawaida.

Pima asubuhi kabla ya safari, au gari likiwa limepumzika angalau saa tatu. Upepo hupanda kwa psi 1.5 hadi 2 kila joto likiongezeka nyuzi 10, kwa hiyo ukipima njiani utasoma 36 pale uliposoma 32 nyumbani. Hiyo ni kawaida. Usiutoe. Tumia kiasi cha kibandiko. Magari madogo mengi yako kati ya psi 30 na 35, na gari likijaa fuata safu ya mzigo mzito. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi, haihusiani na gari lako.

Anayesafiri kutoka Mombasa hadi Nairobi hana haja ya kurekebisha chochote. Kupanda mita 1,700 kunaongeza usomaji wa geji kwa karibu psi 2.5 kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi, na baridi ya Nairobi inarudisha sehemu kubwa ya hiyo chini.

Mchangani na kwenye tope laini, gari linalovuta magurudumu yote manne linaweza kushushwa hadi psi 18 au 20 mchangani na 25 hivi kwenye tope. Hapo usizidi kilomita 40 kwa saa, usikate kona kwa nguvu maana mdomo wa tairi utatoka kwenye rimu, na jaza tena kabla ya lami. Kama huna kompresa ndogo kwenye gari, usipunguze.

Kufunga

1. Kabla fundi hajaanza, soma DOT za matairi yote manne. Wiki zikitofautiana kidogo si tatizo. Miaka ikitofautiana, kataa.
2. Rimu isuguliwe kutu na mpira wa zamani pale mdomo wa tairi unapokaa. Uvujaji wa taratibu usioonekana pancha mara nyingi unatoka hapo.
3. Weka valvu mpya ya mpira. Ni ya bei ndogo na ya zamani ina ufa usiouona.
4. Mdomo wa tairi upakwe sabuni maalumu ya kulainisha, kamwe si oili ya injini wala grisi, ambazo huharibu mpira na kuacha tairi likizunguka peke yake ndani ya rimu.
5. Angalia mshale wa mwelekeo au neno OUTSIDE. Tairi la mshale likifungwa kinyume linavuta maji ndani badala ya kuyatoa, na kosa hilo hulioni mpaka mvua inyeshe.
6. Nukta ya njano ubavuni, kama ipo, ndiyo sehemu nyepesi ya tairi: ielekezwe kwenye valvu. Hilo linapunguza risasi za balansi, yaani vipande vizito vinavyobandikwa kwenye rimu kusawazisha gurudumu.
7. Jaza mpaka midomo ikae, bila kuzidi psi 40. Ikigoma, toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Wanaomwaga petroli na kuwasha kiberiti wanacheza na maisha yao na ya walio karibu.
8. Balansi magurudumu yote manne. Usukani ukitetemeka kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, balansi haijakaa. Gari likivuta upande mmoja, hilo ni suala la alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu.
9. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa chini, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103. Bunduki ya upepo ikimaliza kazi peke yake, inapinda diski za breki na kunyosha stadi, zile boliti zinazoshika nati. Rudia kuzikaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Usiruhusu tyubu kuingizwa kwenye tairi lisilo la tyubu ili kuficha uvujaji. Tyubu inasuguana na ukuta wa ndani, inapata joto, na ikipasuka upepo wote unatoka mara moja badala ya kupungua polepole. Pancha ya katikati ya kashata isiyozidi milimita 6 inazibwa kwa kiraka cha uyoga kinachowekwa kutoka ndani. Kamba ya kuchomeka kutoka nje ni ya kukufikisha kwa fundi. Pancha ya ubavuni haizibwi.

Ukinunua mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Mbele yakiteleza kwenye maji gari linakwenda moja kwa moja na ukiachia mafuta linarudi. Nyuma yakiteleza gari linageuka, na madereva wachache wanaweza kulirudisha. Kwa Forester, X-Trail na nyingine zinazogawa nguvu kwa magurudumu yote, tofauti ya kina kati ya tairi na tairi isizidi milimita 1 au 2, la sivyo gia ya kugawa nguvu inafanya kazi bila kupumzika na kuungua. Mara nyingi hiyo maana yake ni kununua manne.

Zungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, ya mbele yakienda nyuma na ya nyuma yakienda mbele, yenye mshale yakibaki upande wake. Ukipanga kwa kalenda, fanya hivyo mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, ili kila msimu wa mvua ukute matairi yamekaguliwa. Spea nayo ipimwe siku hiyo hiyo, upepo na tarehe, kwa sababu spea ya miaka kumi na miwili iliyokaa chini ya gari ni tairi lililozeeka hata kama halijawahi kugusa barabara.